Mbegu ya pamba inayowazima minyoo wa mizizi

MKULIMA aonapo pamba yake ikinyauka adhuhuri ilhali udongo ungali na unyevu, aghalabu hulaumu mbolea au mbegu duni. Hata hivyo, huenda adui amejificha chini ya ardhi. Mche ukichimbuliwa polepole na mizizi ikapatikana na mafundo yasiyobanduka, basi shamba limevamiwa na minyoo wa mafundo ya mizizi.

Minyoo hawa, ambao wataalamu huwaita Meloidogyne incognita, hawaonekani kwa macho matupu. Mnyoo mchanga, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita, hupenya karibu na ncha ya mzizi na kuzilazimisha seli chache kuvimba kupita kiasi. Seli hizo ndizo ghala lake la chakula. Jike hutaga mamia ya mayai na, katika udongo wenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Udongo wa kichanga ndio unaowafaa zaidi.

Hasara haiishii hapo. Mnamo 1892, mtaalamu wa mimea George Atkinson alieleza kwamba mnyauko wa pamba unaoletwa na kuvu wa Fuzari ulikuwa mkali zaidi katika mashamba ya Alabama, Marekani, yaliyokuwa na minyoo hao. Mzizi uliojeruhiwa huwa mlango wazi kwa kuvu.

Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa kemikali za kutia udongoni, nazo zilikuwa na gharama yake. Mnamo 1977 ilibainika kwamba wanaume waliofanya kazi katika kiwanda kimoja cha California kilichoshughulikia dawa ya DBCP walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Marekani ilisimamisha matumizi mengi ya dawa hiyo mwaka wa 1979. Ndipo umuhimu wa mbegu inayojikinga yenyewe ulipozidi kudhihirika.

Hapa yafaa kutenganisha maneno mawili. Pamba stahimilivu huzaa vyema licha ya kushambuliwa, lakini minyoo huendelea kuzaana mizizini mwake, na zao linalofuata hulipa deni hilo. Pamba kinzani, kwa upande mwingine, huwazuia minyoo kukua au kutaga mayai, na hivyo hupunguza idadi yao udongoni.

Ufanisi mkubwa ulipatikana kupitia kazi ya mtafiti Raymond Shepherd, ambaye mnamo 1974 alisajili pamba iitwayo Auburn 623 RNR. Alichanganya Clevewilt 6 na pamba ya mwituni kutoka Mexico iitwayo Wild Mexico Jack Jones. Wazazi wote wawili walikuwa na ukinzani wa wastani tu, lakini miongoni mwa wazao wao kulipatikana mimea iliyowashinda wote kwa mbali.

Siri ya jambo hilo ilifumbuliwa baadaye kwa uchunguzi wa DNA. Ukinzani huo hutokana hasa na sehemu mbili za urithi, moja katika kromosomu ya 11 na nyingine katika kromosomu ya 14. Ya kwanza, iliyotoka kwa Clevewilt 6, hukwamisha ukuaji wa mnyoo mapema baada ya kuingia mzizini. Ya pili, iliyotoka kwa pamba ya Mexico, hupunguza mayai ya wale waliofaulu kukomaa. Mnyoo akiruka kizuizi cha kwanza, hukutana na cha pili.

Mbegu za sampuli hii sasa huuzwa kwa wakulima nchini Marekani. Hata hivyo, si kinga ya kila kitu. Haziwazuii minyoo wa jamii nyingine iitwayo Rotylenchulus reniformis, wala Meloidogyne enterolobii, ambaye hushambulia hata pamba yenye ukinzani huo.

Kwa mkulima wa Kenya, kuna jambo la kuzingatia. Pamba ya Bt, iliyoidhinishwa na Baraza la Mawaziri mnamo Desemba 2019, iliundwa kupambana na viwavi wanaotoboa vitumba. Protini zake hazikukusudiwa kuwaua minyoo wa mizizi. Anayelipa bei ya juu kwa mbegu hiyo na kuipanda katika shamba lililojaa minyoo anaweza kuvuna kidogo, kisha akadhani amedanganywa, kumbe alinunua kinga dhidi ya adui mwingine.

Kwa hivyo, kabla ya kununua mbegu, mkulima anapaswa kulijua shamba lake. Achimbue miche kadhaa mwishoni mwa msimu, akague mizizi, na inapowezekana apeleke sampuli ya udongo kwenye maabara ya kilimo. Aidha, aepuke kupanda bamia au nyanya baada ya pamba, kwa maana mazao hayo huwalisha minyoo wale wale. Njugu karanga zafaa zaidi, kwani Meloidogyne incognita hashibi katika mizizi yake. Kisha amwulize muuzaji swali moja lililo wazi: mbegu hii hukinza nini hasa?