Upole wa Mfungwa Si Ushahidi

"Mwanangu, wewe umeonana naye ana kwa ana. Kwa uso ule, anaweza kuvamia watu na panga?"

Mama aliyeniuliza alikuwa nje ya geti la gereza, kikapuni ana sabuni na dawa ya meno. Mwanawe amefungwa miaka 30 kwa wizi wa kutumia silaha. Kabla sijajibu akanipa sababu zake: tangu akiwa mahabusu hagombani na mtu, anawaswalisha wenzake, hata askari wanamsifu.

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na limenichosha, maana kipimo hichohicho kikigeuzwa ndicho kinachowaangamiza wasio na kosa.

Lindy Chamberlain wa Australia alinyakuliwa mtoto wake mchanga na dingo, mbwa mwitu wa huko, usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, kambini karibu na Uluru. Kwenye televisheni hakulia. Watu wakasema, mama gani huyu mwenye macho makavu? Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha, kwa ushahidi wa damu ambao baadaye uliporomoka. Mwaka 1986 koti la mtoto likapatikana karibu na mapango ya dingo, naye akaachiwa. Hatia ikafutwa 1988. Sasa mtazame Jeffrey Deskovic wa New York, kijana wa miaka 16. Mwanafunzi mwenzake aliuawa mwaka 1989, naye akalia msibani hadi polisi wakamtilia shaka: mbona analia kupita kiasi? Walimhoji mpaka akakiri. Alikaa gerezani miaka 16, hadi kipimo cha DNA kilipomtaja muuaji halisi mwaka 2006. Mmoja alishukiwa kwa kutolia, mwingine kwa kulia. Haya, asiye na hatia akae vipi?

Mwaka huohuo wa 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000 waliojaribu kutambua uongo. Walipatia mara 54 kati ya 100. Kurusha sarafu kungewapa 50.

Na upole wa gerezani? Hapa Tanzania, mwenye mwenendo mzuri kwa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo, na mwizi naye anaijua hesabu hiyo. Aliyeonewa ndiye anayeweza kuwa mkali, akakataa kutubia kosa asilolifanya, kisha akaitwa sugu asiye na majuto. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 28 ya mwaka 2001, ilishaeleza kwamba ukweli wa shahidi hupimwa pia kwa maneno yake kushikana, na kwa kuyalinganisha na ushahidi mwingine.

Kwa hiyo isomeni hukumu. Mshtakiwa alitambuliwaje, kwa taa gani, umbali gani? Nani alimtaja kwanza? Maelezo ya onyo aliyotoa polisi yalichukuliwa ndani ya saa nne tangu akamatwe? Notisi ya rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 10, hupitia kwa mkuu wa gereza; sababu za rufaa ni siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala. Muda ukipita, ombeni kuongezewa, mkieleza kilichowachelewesha. Asiye na fedha aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Nilimuuliza mama hukumu ilisomwa lini. Akaweka kikapu chini, tukahesabu pamoja kwa vidole. Ilikuwa siku ya nane.