Sakafu ya mbao bustanini: Usichome zile kuukuu

SAKAFU ya mbao iliyojengwa nje ya nyumba haina maisha marefu. Mvua huiozesha, jua huipasua na mchwa humalizia kazi. Ndiyo sababu baadhi ya wenye nyumba huibadilisha kwa mbao za mchanganyiko, zinazoundwa kwa unga wa mbao na plastiki, ambayo mara nyingi imekwisha kutumika.

Mbao hizo hazihitaji vanishi, lakini hubonyea kwa urahisi kuliko mbao halisi. Kwa hivyo boriti za chini hukaribianishwa, kwa kawaida sentimita 40 au pungufu, na iliyooza hubadilishwa kwanza. Ncha nazo huachiwa nafasi kwa kuwa plastiki hutanuka kwa joto. Adhuhuri huchoma nyayo kwelikweli!

Lililo zito zaidi ni zile mbao kuukuu. Nyingi za mbao za nje hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambayo Marekani iliiondoa katika matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Kamwe usizifanye kuni, sembuse za kuchomea nyama: moshi wake ni sumu na aseniki hubakia jivuni. Rangi yake ya kijani hufifia kwa miaka, hivyo kutoiona si hakikisho.