Timu ya Chuo Inachezea Wapi?

Karibu kila waziri mpya wa michezo katika serikali za wanafunzi huingia madarakani na ahadi ileile: safari hii uwanja utajaa. Anatafuta msanii, anachapisha fulana, anabisha hodi kwa mdhamini wa soda. Siku ya bonanza watu wanafurika kweli. Msanii akishashuka jukwaani, nao wanashuka naye kwenda kupiga picha, na refa anapuliza filimbi huku wengi wameuelekezea uwanja mgongo. Wiki mbili baadaye timu ileile inacheza mbele ya wachezaji wa akiba, mama muuza karanga na watoto wa mtaa wa pili.

Hapo ndipo husikika lawama kwamba vijana wa siku hizi hawapendi mpira wa nyumbani. Mimi siikubali. Siku ya Simba na Yanga, pita kwenye kibanda umiza chochote jirani na hosteli, iwe Njiro, iwe Usa River, uone wanafunzi wanaolipa kiingilio ili wasimame dakika 90 wakichungulia televisheni juu ya mabega ya wenzao. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kupenda mpira. Kibanda umiza kimempa vitu ambavyo chuo chake hakimpi: saa anayoijua wiki nzima kabla, na mpinzani ambaye kumfunga kuna utamu wake.

Nianze na saa, maana ndiko tunakoanzia kukosea. Viwanja vingi vya vyuo havina taa, na Arusha jua huzama mapema kiasi, kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Ukihesabu dakika 90, mapumziko, na ule ucheleweshaji ambao sote tunaujua, mechi isipoanza saa 10 kamili itaisha watu wakiutafuta mpira kwa tochi ya simu. Sasa ipange Jumamosi, kama ilivyo kawaida. Ligi Kuu ya Uingereza huwa na mechi ya mapema ambayo, wakati wa majira yao ya baridi, kwetu huanza saa 9:30 alasiri. Kundi kubwa la mechi hufuata saa 12 jioni. Mwishoni mwa Machi Waingereza husogeza saa zao, na huku kwetu ratiba inakuwa saa 8:30 mchana na saa 11 jioni. Kwa vyovyote vile, saa 10 ya Jumamosi unagombea mtazamaji na Arsenal au Liverpool, na mtazamaji huyo keshaweka mkeka wake.

Jumamosi ina tabu nyingine ambazo ni za kwetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Arusha, pale Usa River, ni cha Waadventista Wasabato, na Sabato huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Ukikipangia mechi Jumamosi alasiri umeshakifuta kwenye ligi. Hata Ijumaa jioni panabana, mechi ikichelewa kidogo tu. Kisha kuna soko la Tengeru, ambalo siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi, na yeyote anayeitumia barabara ya Moshi anajua kifodi, daladala ya kwetu, kinavyojaa ndizi na matenga siku hizo. Jumapili asubuhi ni ya ibada, mchana ni ya kufua na kupika, na jioni Waingereza wanarudi tena kwenye televisheni.

Ukizichuja siku zote hizo, mimi ningechagua Alhamisi. Haina soko Tengeru, haina swala ya Ijumaa wala Sabato, na mechi za Ulaya za siku hiyo hapa kwetu huchezwa usiku. Kizuizi ni kimoja, vipindi vya darasani, na hicho kiko mikononi mwa chuo chenyewe: ofisi inayopanga ratiba iache Alhamisi wazi kuanzia saa 9:30 alasiri, kila baada ya wiki mbili. Afrika Kusini walipoanzisha Varsity Cup, mashindano ya raga ya vyuo vikuu, mwaka 2008, waliichukua Jumatatu, siku ambayo hakuna aliyekuwa akiitaka, na mechi wakazipeleka kwenye viwanja vya vyuo. Jumatatu ikawa siku ya raga ya chuo. Mwanafunzi hakuhitaji tangazo ili kujua kwamba kuna mechi.

Kwetu, tangazo ndilo ratiba. Saa 8 mchana ujumbe unadondoka kwenye kundi la WhatsApp la darasa: "Leo saa 10 timu yetu inacheza, wote mnakaribishwa." Inacheza na nani? Hauelezi. Kiwanja kipi? Hauelezi pia. Chini yake kuna vidole gumba vinne na swali la mtu anayeuliza kama jaribio la kesho bado lipo. Halafu jioni tunashangaa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na husemwa mara chache: timu zetu za vyuo hazichezi nyumbani. Mpira wa vyuo Tanzania umejengwa juu ya mashindano ya kukusanyika. Iwe ni SHIMIVUTA au michezo ya TUSA ya vyuo vikuu, timu hupanda basi, hukutana kwenye mji mmoja, hucheza mfululizo kwa siku kadhaa, kisha hurudi na kombe au na visingizio. Mpango huo una faida yake, kwa kuwa gharama za safari hulipwa mara moja tu. Lakini mwanafunzi aliyebaki Arusha anaipata timu yake kama habari kutoka mkoa mwingine. Tunamtaka aishangilie timu ambayo hajawahi kuiona ikigusa mpira.

Waganda waliliona hilo. Mwaka 2012 walianzisha Ligi ya Soka ya Vyuo Vikuu, na mechi zake zikachezwa kwa mtindo wa nyumbani na ugenini, kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, pamoja na muziki na televisheni. Muziki ulisaidia, sikatai. Ila kilichobadilika kwanza ni kwamba mgeni alikuja kucheza mbele ya mabweni, na kumfuata hakukuhitaji nauli.

Katika hilo, eneo la Mlima Meru limejaliwa jiografia ambayo mikoa mingi haina. Chuo cha Ufundi Arusha kiko mjini. Chuo cha Uhasibu kiko Njiro. Ukishika barabara ya Moshi unaikuta Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, chuo cha mifugo hapohapo Tengeru na Chuo cha Ualimu Patandi, kisha Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha upande wa Usa River. Ukiiacha Njiro, vyote viko kwenye barabara moja au si mbali nayo, na kutoka Mnara wa Saa hadi Usa River ni kilomita 20 na ushee tu. Vyuo sita kati ya hivyo vikicheza nyumbani na ugenini, kila kimoja kitakuwa na mechi 10, na tano kati ya hizo mbele ya watu wake. Kwa Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, hizo zinaenea katika mihula miwili na nafasi ya mitihani inabaki. Hakuna timu itakayolala ugenini wala atakayehitaji posho ya kujikimu. Ni nauli ya kifodi kwenda na kurudi, na maji.

Na utani uko tayari, unasubiri kuitwa. Mhasibu na fundi! Huyu anasema mwenzake hajui kutunza risiti, yule anajibu kwamba asingekuwa yeye hiyo mashine ya risiti isingewaka. Makumira ilianza kama seminari ya teolojia, kwa hiyo wapinzani wake wameshapata maneno ya kutania kabla mpira haujaanza. Wachumi wa michezo wana maelezo yao ya kwa nini mambo haya yana thamani. Mwaka 1964 Mmarekani Walter Neale aliandika kuhusu bondia Joe Louis, akaonyesha kwamba bingwa asiye na mpinzani wa maana hana cha kuuza, hata awe hodari vipi. Bidhaa ni pambano, nalo hutengenezwa na wawili. Chuo kinachotaka timu yake itazamwe kina sababu ya kutaka jirani yake awe na timu nzuri.

Hapa lazima niseme jambo ambalo maofisa michezo hawapendi kulisikia. Mamluki. Kila anayefuatilia mpira wa shule na vyuo anawajua: mshambuliaji wa daraja la pili anayepewa kitambulisho cha mwanafunzi wiki ya mashindano na kutoweka baada ya fainali. Huenda akaleta kombe, lakini uwanja hataujaza, kwa sababu hakuna anayemfahamu. Beki wa kushoto akiwa ni yule kijana wa stashahada ya umeme, mwaka wa pili, aliyechelewa maabara juzi akafokewa, darasa zima litakuja kumwona, nusu yao wakiomba apigwe chenga. Anayeishi chuoni anajua kwamba mechi ya darasa kwa darasa mara nyingi huvuta watu wengi kuliko ya timu kuu, ingawa kiwango chake wakati mwingine ni cha kuchekesha. Ligi ya madarasa ndiyo ingepaswa kuzaa timu ya chuo, na orodha ya kikosi ingebandikwa kila mchezaji akiwa na kozi yake na jina lake la utani.

Tuje kwenye fulana. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu saba vya Marekani. Kila Jumatatu walihesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo. Timu ikiwa imeshinda mwishoni mwa wiki, nguo hizo zilionekana nyingi zaidi. Kwetu funzo lake ni la kibiashara kabisa. Fulana za chuo huuzwa wiki ya bonanza, wakati hakuna aliyeshinda kitu, na nyingine hubaki kwenye maboksi ofisini. Zipeleke mezani mbele ya kantini Ijumaa asubuhi, baada ya Alhamisi ya ushindi, na kama bumu, ile fedha ya mkopo, limeshaingia, ndiyo bora zaidi.

Kuhusu wasichana, mambo ni mepesi kuyasema na rahisi kuyasahau. Mechi ya pete ichezwe siku hiyohiyo, jirani na kandanda, na usafiri wa kurudi hosteli uwe umeondoka kabla giza halijaingia. Choo kiwe wazi na kisafi. Mshereheshaji mwenye maspika aambiwe mapema kwamba mikono yake na maneno yake kuhusu wanaopita vinaangaliwa. Uwanja ambao msichana hawezi kuuvuka bila kuzomewa umeshafukuza sehemu kubwa ya watazamaji wake.

Mengine ni ya uwanjani. Watu wakae upande wa magharibi, jua la jioni liwapige mgongoni badala ya machoni. Kiangazi, vumbi la Arusha limwagiwe maji saa moja kabla. Juni na Julai kuna baridi, kwa hiyo muuza chai na maandazi, au wa mahindi ya kuchoma, ana kazi kubwa kuliko msanii. Kiingilio kisiwepo.

Asidhani mtu kwamba tatizo ni la umaskini wa vyuo vidogo. Chuo Kikuu cha Alabama, chenye uwanja wa mpira wa Kimarekani unaochukua watu wapatao 100,000 na timu iliyozoea ubingwa, kilikuwa na wanafunzi wanaoondoka kabla mechi haijaisha, hadi mwaka 2019 kikaanza kuwapa pointi kupitia programu ya simu iliyojua kama bado wako uwanjani. Waliobaki hadi robo ya mwisho walijiongezea nafasi ya kupata tiketi za mechi kubwa. Sipendekezi tufike huko. Ila wakati chuo tajiri kinamfuatilia mwanafunzi kwa simu ili asitoke, sisi hata hatumhesabu aliyekuja. Kuhesabu ni bure: mwanafunzi mmoja wa takwimu, daftari, dakika ya 20 na dakika ya 70. Bila namba hizo, kila waziri wa michezo atasema alijaza uwanja.

Kuna haraka pia inayotoka nje ya vyuo. Tangu JKT Oljoro iliposhuka daraja mwaka 2014, Arusha haijawa na timu yake katika Ligi Kuu. Mwanafunzi anayemaliza stashahada leo hapa mjini huenda hajawahi kuona mechi ya ushindani mkubwa kwa macho yake, ingawa uwanja wa Sheikh Amri Abeid uko katikati ya jiji. Na kule Olmoti ulianza kujengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo Tanzania imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mazoea ya kwenda uwanjani hayaletwi na mkandarasi.

Swali linalobaki ni nani ashike mpango huu, na jibu langu si serikali ya wanafunzi. Waziri wa michezo anakaa madarakani mwaka mmoja. Miezi ya kwanza anajifunza kazi, ya katikati anatafuta mdhamini, ya mwisho anapisha kampeni za mrithi wake, ambaye ataanza na bonanza lake mwenyewe. Ligi ya Alhamisi inapaswa kuwa ya maofisa michezo na washauri wa wanafunzi wa vyuo hivyo sita, wakae mezani kabla mwaka wa masomo haujaanza, wakubaliane tarehe za raundi zote 10, na tarehe hizo ziingie kwenye almanaka ya kila chuo zikiwa zimechapwa kama zinavyochapwa za mitihani. Waziri aachiwe ngoma, utani na orodha ya kikosi.

Mechi ya ufunguzi ningeipanga Njiro: wahasibu na mafundi, wiki ya tatu baada ya mwaka wa kwanza kuripoti, kabla hawajazoea njia ya kibanda umiza.