Ujazaji wa risasi kwa mkono

Ujazaji wa risasi kwa mkono ni kazi ya kutengeneza risasi za bunduki au bastola nyumbani, moja moja, badala ya kuzinunua zikiwa tayari kutoka kiwandani. Makala hii inahusu hasa risasi za rivolva zenye mtutu mpana, kama zile za .44 na .45, ambazo vichwa vyake hutengenezwa kwa kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu. Kazi hii imeenea hasa Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wamekuwa wakiifanya tangu karne ya 19.

Sehemu za risasi

Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili: metali laini na nzito ya rangi ya kijivu, na kile kinachofyatuliwa kutoka kwenye silaha. Ili kuepuka mkanganyiko, hapa metali hiyo inaitwa *plumbi* (alama yake ya kikemia ni Pb).

Risasi moja nzima ina sehemu nne:

* ganda, ambalo ni kikopo cha aloi ya shaba na zinki;
* fataki, iliyo katika kitako cha ganda, ambayo hulipuka inapogongwa na kuwasha baruti;
* baruti, ambayo huungua na kutoa gesi yenye shinikizo kubwa;
* kichwa, ambacho husukumwa na gesi hiyo na kutoka mtutuni.

Baada ya kufyatua, fataki na baruti huwa zimekwisha na kichwa kimekwenda zake, lakini ganda hubaki. Ganda linaweza kutumika tena mara nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kujaza risasi wenyewe: kupunguza gharama.

Historia

Kabla ya kuwapo risasi zenye ganda la metali, mwenye bunduki mara nyingi alisubu vichwa vyake mwenyewe. Maganda yenye fataki katikati ya kitako yalipoenea katika miaka ya 1870, desturi hiyo haikufa. Kampuni ya Ideal, iliyoanzishwa na John Barlow mwaka 1884, iliuza kalibu pamoja na koleo ndogo za kujazia ambazo mtu aliweza kusafiri nazo. Mwaka 1925 ilinunuliwa na kampuni ya Lyman.

Mtu aliyejulikana zaidi katika fani hii ni Elmer Keith (1899–1984), mfugaji na mwandishi aliyeishi katika jimbo la Idaho. Mwaka 1925 rivolva yake ya .45 ilipasuka alipoifyatua kwa risasi kali alizojaza mwenyewe. Baada ya hapo alihamia kwenye risasi ya .44 Special, iliyokuwapo tangu mwaka 1907. Sababu yake ilikuwa rahisi: katika silinda yenye ukubwa uleule, matundu ya .44 ni membamba kidogo, hivyo kuta zinazobaki kati yao ni nene na zina nguvu zaidi.

Keith alibuni kichwa cha kusubu chenye uzito wa gramu 16 hivi, chenye ncha bapa na bega kali. Kwa miaka mingi alizihimiza kampuni zitengeneze risasi yenye nguvu kama zile alizojaza kwake. Mwishoni mwa mwaka 1955 kampuni za Smith & Wesson na Remington zilitoa .44 Magnum. Ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 hivi kuliko la .44 Special, ili lisiweze kuingia katika rivolva za zamani ambazo zisingestahimili shinikizo lake.

Kusubu vichwa

Plumbi huyeyuka katika nyuzijoto 327 za selsiasi. Ikiwa safi ni laini mno kwa risasi zenye nguvu, kwa hiyo huchanganywa na stani, ambayo huisaidia kujaza kalibu vizuri, na antimoni, ambayo huifanya iwe ngumu. Aloi moja inayojulikana sana ina plumbi asilimia 90, stani 5 na antimoni 5. Zamani watu walitumia pia herufi chakavu za mitambo ya Linotype iliyopanga maandishi ya magazeti; aloi yake ilikuwa na plumbi asilimia 84, antimoni 12 na stani 4.

Vichwa vikishapoa, mifereji iliyo ubavuni mwake hujazwa kilainishi, mara nyingi mchanganyiko wa nta ya nyuki na grisi.

Ukubwa na ugumu

Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni plumbi kuganda ndani ya mtutu na kuharibu shabaha. Wanaoanza hudhani kwamba kichwa kilikuwa laini mno, wakaongeza ugumu. Mara nyingi sababu ni nyingine: kichwa ni chembamba kuliko njia inayopita. Gesi ya moto hupenya pembeni mwake, huyeyusha ukingo wake na kuupaka mtutuni. Kichwa kigumu mno kinaweza kuzidisha tatizo, kwa sababu hakitanuki kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo mjazaji hupima kwanza matundu ya silinda na mtutu wa rivolva yake, kisha huchagua kichwa kinacholingana navyo. Hapa mkono una faida juu ya kiwanda. Kiwanda hutengeneza risasi itakayoingia katika kila rivolva ya aina hiyo. Mjazaji hutengeneza ya rivolva moja tu.

Hatua za kujaza

Ganda husafishwa na kukaguliwa kama lina ufa. Kisha hubanwa ili lirudie kipimo chake, fataki ya zamani husukumwa nje na mpya huwekwa. Mdomo wa ganda hupanuliwa kidogo ili usikwangue kichwa laini. Baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa, kichwa huingizwa, na mwisho mdomo hukunjwa ndani ya mfereji wa kichwa.

Mkunjo huu ni muhimu katika rivolva. Risasi moja inapofyatuliwa, rivolva husukumwa nyuma kwa nguvu, na vichwa vya risasi zilizobaki huelekea kuchomoka. Kikichomoka kimoja kupita mdomo wa silinda, silinda haizunguki tena.

Hatari

Ganda la .45 Colt lilibuniwa mwaka 1873 kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo ililijaza. Baruti za kisasa zina nguvu zaidi na huchukua nafasi ndogo, hivyo kipimo kikiwekwa mara mbili kwa bahati mbaya kinaweza kuenea bila kumwagika, na kikapasua silinda. Kinyume chake, ganda likisahauliwa bila baruti, fataki pekee huweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama. Risasi inayofuata huweza kuupasua mtutu. Kwa sababu hiyo maganda yote humulikwa kwa taa na kutazamwa ndani kabla ya vichwa kuwekwa. Kiwandani kuna wakaguzi. Nyumbani, jicho la mjazaji ndilo ukaguzi pekee. Vipimo vya baruti huchukuliwa katika vitabu vya watengenezaji wake, wala havikisiwi.

Hatari nyingine ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plumbi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huathirika zaidi. Sumu huingia hasa kwa vumbi, takataka za juu ya chungu na mikono isiyonawiwa. Tone la maji likiingia katika plumbi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali hiyo. Plumbi ya betri za magari haifai kabisa kuyeyushwa nyumbani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara makubwa kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Sheria

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mtu hahitaji leseni ili kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe, lakini anayetengeneza za kuuza lazima awe nayo. Nchini Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai.

Tazama pia

* Baruti
* Bastola
* Risasi (metali)