Kukawia si kuchelewa: Jinsi ya kupima na kusawazisha safari ya sauti studioni

KATIKA studio za muziki humu nchini, maneno mawili ya Kiingereza yamekita mizizi kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuyatafutia visawe: letensi na dilei. Tatizo huzuka pale mtu anapojaribu kuyafasiri, kwa kuwa yote mawili huishia kuwa 'ucheleweshaji'. Mwanafunzi wa ufundi wa sauti huachwa njia panda. Dilei ni kikolezo kinachotafutwa kwa makusudi ili sauti ijirudie kama mwangwi. Letensi ni muda unaopotea njiani bila mtu kuuomba.

Kiswahili hakijakosa maneno hapa. Tuna kuchelewa, kukawia na kulimatia. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, lakini yana tofauti inayofaa kutumiwa. Anayechelewa amepitwa na saa iliyowekwa. Anayekawia ametumia muda mrefu, awe alikuwa na miadi au la. Ndiyo maana wahenga walisema 'kawia ufike', wala hawakusema 'chelewa ufike'. Kwa mantiki hiyo, letensi ninaiita ukawiaji, na dilei ninaiachia neno lake la asili, mwangwi.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Chukua fundi aliyerekodi sauti ya mwimbaji kwenye kompyuta, kisha akataka kuipitisha katika kompresa ya chuma iliyo mezani, ile yenye vibonyezo vya kuzungusha, kabla ya kuirejesha kompyutani. Sauti iliyo ndani ya kompyuta ni tarakimu tupu. Lazima igeuzwe kuwa umeme, ipite kwenye waya hadi kwenye kifaa, irudi kwa waya mwingine, halafu igeuzwe kuwa tarakimu tena.

Wengi hukilaumu kifaa cha nje bure. Kompresa ya analogi haikawizi sauti kwa kiasi cha kupimika studioni, kwani umeme haukai njiani. Muda hupotelea kwenye kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na maikrofoni na spika, na hasa katika bafa. Bafa ni kama matatu ya stejini: haiondoki hadi ijae. Kompyuta hukusanya sampuli kadhaa, tuseme 256, ndipo izitume kwa pamoja. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, 256 ni milisekunde 5.3. Na kwa kuwa sauti inatoka na kurudi, hesabu hiyo huwa mara mbili.

Kupima hakuhitaji mtambo wa bei ghali. Tengeneza mlio mfupi mno, kama wa kuchapa ulimi, katika programu ya kurekodia. Utume nje, upite kwenye kifaa, kisha urekodi unaporudi kwenye mstari mpya. Vuta picha ya mawimbi karibu hadi uione sampuli mojamoja, halafu uhesabu umbali kati ya mwanzo wa mlio wa kwanza na mwanzo wa ule uliorudi.

Tuseme umepata sampuli 590. Gawa kwa 48,000 na utapata milisekunde 12.3. Katika hizo 590, bafa mbili zimekula 512. Sampuli 78 zilizosalia, sawa na milisekunde 1.6 hivi, ni za kugeuza tarakimu kuwa umeme na umeme kuwa tarakimu, pamoja na vituo vingine vidogo vya kadi. Kwa kipimo cha hewa, ambamo sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, milisekunde 12.3 ni sawa na kusimama mita nne na ushei kutoka kwa spika.

Lakini hapa pana mtego. Programu nyingi hujaribu kusawazisha ukawiaji zenyewe kwa kuamini tarakimu zinazotangazwa na draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kadi kuwasiliana na kompyuta. Draiva nayo si lazima iseme ukweli wote. Huenda ikatangaza zile 512 za bafa na kunyamaza kuhusu 78. Ukifanya jaribio la mlio, utaona pengo la sampuli 78 tu na kudhani kadi yako ni ya ajabu. Kumbe unachokiona ni salio ambalo halikusawazishwa, wala si ukawiaji wote.

Je, milisekunde 1.6 zina madhara gani? Sikio la kawaida haliwezi kuzisikia kama mlio wa pili. Mjerumani Helmut Haas alionyesha katika tasnifu yake ya 1949 kwamba mwangwi wa usemi unaofika ndani ya milisekunde 30 hivi huungana na sauti asilia. Kwa hivyo mdundo hautaenda kombo kwa sababu ya sampuli 78.

Madhara yako kwingine. Mafundi hupenda kuchanganya sauti iliyopita kwenye kompresa na ile ambayo haikupita. Sauti mbili zinazofanana zikipishana kwa sampuli 78 na kuwa na nguvu sawa, hufutana katika hezi 308 hivi, kisha 923, kisha 1,538, na kuendelea hivyo hadi juu. Ukichora matokeo hayo, utaona meno ya kitana. Hezi hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mwili wa sauti ya binadamu. Mwimbaji mwenye sauti nzito husikika kana kwamba anaimba ndani ya bomba, na prodyuza hubaki akizungusha vibonyezo usiku kucha akitafuta kosa lisilokuwa kwenye vibonyezo. Ngoma iliyorekodiwa kwa maikrofoni kadhaa hupatwa na balaa hilohilo iwapo maikrofoni moja tu ndiyo inayopitishwa nje.

Kwa upande mwingine, kama kifaa cha nje ni cha kuongeza mvumo wa ukumbi, na kinachorudi ni mvumo mtupu, mimi nisingejisumbua. Mvumo wa ukumbi huwa nyuma ya sauti kwa kawaida yake.

Hapo ndipo tunapolifikia neno la pili lenye utata. Wapo wanaoiita tiba ya ukawiaji 'fidia'. Fidia hulipwa aliyepata hasara, na studioni hakuna anayelipwa. Kompyuta haiwezi kumharakisha aliyekawia. Inachofanya ni kuwashika wenzake wote wamngojee, ili waanze pamoja. Huko ni kusawazisha. Logic, Cubase na Reaper zina njia ya kutuma mlio, kuupima na kujaza hesabu zenyewe. Katika Ableton Live kuna nafasi ya kuiandika tarakimu kwa mkono.

Usawazishaji huu hufanya kazi kwa sauti iliyokwisha kurekodiwa tu. Mwimbaji anayejisikia kwenye vipokea sauti akiwa anaimba hawezi kungojewa, maana hakuna programu inayojua atakachokiimba kabla hajafumbua kinywa. Kwake yeye punguza bafa hadi 64, au tumia ile njia iliyomo katika kadi nyingi ya kumsikilizisha moja kwa moja kabla sauti yake haijaingia kompyutani.

Tahadhari mbili kabla ya kupima. Kifaa cha mwangwi kisipimwe kikiwa kinatoa mwangwi, la sivyo programu huenda ikahesabu marudio badala ya mlio wenyewe. Na kifaa cha kidijitali kisizimwe kabisa, kwa kuwa baadhi yavyo vikizimwa huipitisha sauti kwenye waya mtupu na kuficha ukawiaji wao wa ndani. Kiache kimewaka, kikolezo kikiwa sifuri.

Ukibadilisha bafa, kasi ya sampuli au draiva, pima upya. Kuna mafundi wanaobandika karatasi juu ya kila kifaa: 590, bafa 256, 48,000.