Kupima Sumu ya Chakula Bila Kuzalisha Sumu Nyingine

Mahindi ni nguzo ya meza zetu katika Nyanda za Juu Kusini. Yavunwayo Mbeya Vijijini, Kilolo na Mufindi hulisha familia zetu, na ziada hupelekwa Dar es Salaam na nchi jirani. Ndiyo maana habari ya Machi 2021 iliwagusa wakulima wengi: Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, yaani mikrogramu 10 kwa kilo.

Khofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulizifika familia za Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na fangasi waotao kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huchangia saratani ya ini. Atakaye kuijua kwa hakika hana budi kwenda maabara.

Katika maabara, mahindi husagwa, sampuli ndogo ikapimwa kwenye mizani, kisha ikatiwa kimiminika kinachoivuta sumu kutoka ndani ya unga. Kimiminika hicho huitwa kiyeyushi. Baada ya kuchujwa, mashine husoma kiasi cha sumu kilichomo. Jambo hili si geni kwetu. Tutiapo majani ya chai ya Mufindi katika maji ya moto, maji huvuta rangi, ladha na kafeini, majani yakabaki. Maji ni kiyeyushi, na chai ni matokeo ya kazi yake.

Tatizo ni kwamba sumukuvu haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi maabara za dunia zimetumia klorofomu, methanoli na asetonitraili. Klorofomu hudhuru ini, methanoli hupofusha macho, na asetonitraili ikiingia mwilini huzalisha sianidi. Anayekabiliana na mvuke wake kila siku ni kijana aliye mezani pa kazi, pengine binti yetu au mdogo wetu. Na masalia yakimwagwa ovyo, hatima yake ni mitoni. Ruaha Mdogo hupita Iringa mjini, ukajiunga na Ruaha Mkuu utokao upande wa Usangu, mkoani Mbeya, kuelekea Mtera. Itakuwa ajabu tukiilinda sahani ya mmoja kwa kukitia sumu kisima cha mwingine.

Wanakemia wenyewe waliliona hilo. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner wa Marekani waliandika kanuni 12 za kemia isiyodhuru mazingira, na kanuni ya tano inahusu viyeyushi vilivyo salama zaidi. Tangu hapo njia nyingi zimetafutwa. Ya kwanza ni kupunguza kiasi. Mtambo aliouvumbua Franz von Soxhlet mwaka 1879 ili kupima mafuta katika maziwa huchemsha kiyeyushi kwa saa nyingi. Lakini mbinu iliyotangazwa mwaka 2003 kwa kupima mabaki ya dawa za mimea katika matunda na mboga hutumia mililita 10 tu kwa gramu 10 za sampuli.

Njia ya pili ni kubadili kiyeyushi chenyewe. Maji yakipashwa moto kupita nyuzi 100 huku yakibanwa yasichemke, huweza kuyeyusha vitu ambavyo maji ya kawaida huviacha. Hewa ya ukaa ikibanwa sana huvuta mafuta na kafeini, kisha ikiachiliwa hutoweka bila kuacha masalia. Hata sukari na asidi ya limau, zikichanganywa kwa vipimo maalumu pamoja na maji kidogo, huwa kiyeyushi kizito kinachofaa kuvuta rangi na viini vya mimea. Kwa sumukuvu, vimekwisha kutengenezwa vipimo vya haraka vinavyotumia mchanganyiko wa ethanoli na maji, na vingine vinavyotumia maji pamoja na unga maalumu.

Hapo ndipo wazazi huuliza: ethanoli si pombe? Ni kweli, ndiyo kileo kilichomo ndani ya pombe. Lakini katika maabara hainywewi, wala sampuli iliyotiwa ethanoli hairudi jikoni. Kuhusu twahara ya spiriti inayogusa nguo au mikono, wanazuoni wamekhitalifiana. Kijana anayesomea fani hii na amwulize sheikh wake kwa utulivu, asiache masomo kwa kudhani tu.

Wala tusidhani kwamba kila kiyeyushi kipya kinafaa. Ethanoli hushika moto upesi, mitambo ya hewa ya ukaa ni ghali, na kiyeyushi kisichoitoa sumu yote kitatangaza kuwa salama mahindi yasiyo salama. Kwa hiyo kila njia mpya lazima ijaribiwe kwanza kwa sampuli ambayo kiasi chake cha sumu kinajulikana.

Nasi tuna wajibu wetu nyumbani. Tukaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Tuchambue punje zilizooza na kubadilika rangi, na tusiwape mifugo, kwani sumu hurudi kwetu kupitia maziwa. Kisha tuwahimize wanetu, wa kike na wa kiume, wasome kemia. Dini yetu haikutosheka na chakula kuwa halali tu. Imetutaka kiwe pia kizuri na salama. Anayekipima kwa uaminifu bila kumdhuru jirani yuko katika ibada, Insha Allah.