Kioo cha Kiini: Istilahi za Kiswahili kwa Vyombo vya Ugiriki ya Kale

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na vyombo vya kioo vya Wagiriki wa kale huwa na maneno mawili karibu naye: chupa na bilauri. Makala hii inashikilia kwamba maneno hayo, yasipofafanuliwa, humpotosha msomaji, kwani humletea taswira ya chombo angavu kilichopulizwa. Vingi vya vyombo hivyo havionyeshi kilichomo ndani, na havikupulizwa.

Utengenezaji wake ulishamiri katika Mediterania kuanzia karne ya 6 KK. Fundi alifinyanga kiini cha udongo na mchanga kwenye ncha ya fimbo ya chuma, akakifunika kwa kioo kilichoyeyuka, aghalabu cha buluu iliyokoza. Juu yake alizungushia nyuzi za kioo za manjano, nyeupe au feruzi, akazivuta kwa kifaa chenye ncha zikawa kama mawimbi au manyoya ya ndege, kisha akakibingirisha chombo juu ya bamba bapa ili zizame. Mdomo na vishikio vilifuata. Chombo kilipokwisha kupoa polepole, kiini kilikwanguliwa. Vyombo hivyo, vingi vikitosha kiganjani, vilitiwa mafuta ya manukato, na maumbo yake yaliiga vyombo vya mawe, vya udongo na vya madini.

Wagiriki wenyewe walikabiliwa na tatizo la jina. Herodotus, katika karne ya 5 KK, anayataja mapambo ya masikio ya mamba watakatifu wa Misri kuwa ya jiwe lililomiminwa. Neno hyalos, lililokuja kuwa jina la kawaida la kioo, yeye analitumia kwa jiwe angavu linalochimbwa. Bilauri nayo ina asili kama hiyo, kwani katika Kiarabu neno lake hutaja fuwele. Jina la kwanza lilifuata mchakato. La pili lilifuata mwonekano.

Tunapendekeza njia ya mchakato: kioo cha kiini kwa vyombo hivi, na kioo cha kupuliza kwa ufundi uliozuka pwani ya Shamu katika karne ya 1 KK na kuufifiza ule wa awali. Vitabu vya kiada na maelezo ya makumbusho yakitumia neno moja kwa vyote viwili, mwanafunzi hatajua kwamba kulikuwa na mageuzi yoyote. Kwa hiyo vyombo vya usanifishaji vianze kwa kuuliza kitu kilitengenezwaje, ndipo vikipe jina.